Tumbo Limekatwa, Jioni Ipo Palepale

Upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito, wenyewe hauchukui muda mrefu. Katika aina inayofanywa zaidi duniani siku hizi, daktari huingiza vifaa kupitia matundu madogo, hukata na kuondoa karibu asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, na kuacha mrija mwembamba uliopinda. Sehemu inayoondoka ndiyo inayotoa kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa ambayo Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani waliitangaza mwaka 1999. Ndiyo maana wengi waliofanyiwa hukaa wiki kadhaa wakishangaa: saa ya chakula imefika, njaa haipo.

Jioni, hata hivyo, inakuja kama kawaida.

Tumchukue dada mmoja. Namtunga hapa, ila ukikaa kwenye benchi la kliniki yoyote ya uzito utamkuta. Ni mhasibu, anakaribia miaka arobaini, anaishi Tabata na kufanya kazi Posta. Kwa miaka mingi ameshuka daladala saa kumi na mbili na nusu, akapita kwa muuza chips, akabeba chips mayai na soda ya baridi, akala amesimama jikoni kabla hajavua viatu. Baada ya hapo ndipo akapika, akala tena na wanawe. Zile chips hazikuwa za njaa. Zilikuwa mpaka kati ya ofisi na nyumba, dakika kumi zisizo na bosi, zisizo na mtoto wa kusainiwa daftari, zisizo na mama mkwe wa kuuliza maji ya kuoga yako wapi. Leo ni mwezi wa tatu tangu akatwe. Vijiko vinne vya samaki wa kuchemsha na boga vinamtosha, na chips akizijaribu zinamkaa kifuani. Lakini akishuka kituoni mwili unajua ni saa ngapi, na mikono haina cha kushika. Anashika simu.

Kwenye simu kuna duka. Kuna maduka mia, kwa kweli: stetasi za WhatsApp, kurasa za Instagram ambazo bei hutajwa faraghani tu, na mnada wa moja kwa moja wa TikTok ambapo muuzaji anapiga kelele kwamba zimebaki pisi mbili, wahini. Kulipa ni tarakimu nne za siri. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, ilikuwa ya kutuma hela nyumbani. Leo hata salio likiisha kuna Fuliza kule Kenya na Songesha huku kwetu, kwa hiyo pesa ambayo huna inaweza kununua viatu ambavyo huvihitaji, na bado hujafika mlangoni kwako.

Wataalamu wa tabia huliita jambo hili kuhama kwa uraibu: mlango mmoja ukifungwa, mtu hutafuta mwingine. Maelezo hayo yana ukweli, lakini mimi yananipa mashaka kidogo kwa sababu yanamfanya mtu aonekane mgonjwa kuanzia nywele hadi kucha. Naona ni jambo la kawaida zaidi ya hapo. Chakula kilikuwa na kazi ndani ya siku ya mtu huyu. Kilimtuliza, kilimpongeza, kilimpa kampani, kilimzibia mdomo pale alipotaka kusema neno. Upasuaji umekiondoa chakula na kuziacha kazi zote nne bila mwenyewe. Manunuzi yameziona, yakazichukua. Anayetaka kuyatoa hana budi kwanza ajue ni ipi kati ya kazi hizo ameyapa.

Kwa upande wa pombe ushahidi ni mzito, na hauhusu hisia peke yake. Mwaka 2012 Wendy King na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walichapisha utafiti uliofuatilia karibu watu elfu mbili katika hospitali kumi za Marekani. Kabla ya upasuaji asilimia 7.6 walikuwa na tatizo la pombe. Katika mwaka wa pili baada ya upasuaji walifika asilimia 9.6. Mwaka wa pili, si wa kwanza, yaani wakati ambapo pongezi zimekwisha na kliniki zimepungua. Ongezeko lilikuwa kubwa zaidi kwa waliofanyiwa baipasi, ambayo hubakiza mfuko mdogo tu na kuuunganisha moja kwa moja na utumbo. Kwa mtu huyo pombe haikai tumboni. Inaingia kwenye damu upesi na kupanda juu kuliko zamani. Anayesema "nimekunywa glasi moja tu" anaweza kuwa anasema kweli, na bado amelewa. Mwimbaji wa Marekani Carnie Wilson, ambaye baipasi yake ya 1999 ilionyeshwa moja kwa moja kwenye intaneti, alikuja kueleza hadharani jinsi alivyojikuta baadaye akipambana na pombe.

Manunuzi hayana harufu. Mume hayasikii mdomoni, na bosi hayaoni machoni. Tena yanakuja na sababu halali, na hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo washauri wengi wanapomkosea mtu.

Huyu dada kweli hana nguo. Uzito hushuka kwa kasi zaidi katika miezi sita ya mwanzo. Sketi ya Januari inadondoka Machi. Suruali iliyomkaa vizuri Pasaka inafungwa kwa pini ikifika Saba Saba. Lazima anunue. Halafu kuna lile ambalo mtu mwembamba hawezi kulijua: kwa miaka alikuwa ananunua iliyomtosha, siyo aliyoipenda. Aliingia dukani, muuzaji akamtazama juu hadi chini, akamwambia "saizi yako hatuna, mama" kabla hajaulizwa. Leo anavua kutoka kwenye hanga, anajaribu, inaingia. Furaha hiyo si ugonjwa, na mshauri anayeona dalili katika kila gauni jipya anafaa apumzike.

Kuna na jambo jingine, la kwetu. Huko ughaibuni mtu akipungua kilo thelathini anapigiwa makofi. Huku jirani anamvuta pembeni: "Shoga, mbona umepukutika hivyo? Kapime, usikae kimya." Waliokuwa watu wazima miaka ya tisini hawajasahau kukonda ghafla kulimaanisha nini mtaani, wala minong'ono ya msibani. Basi nguo inakuwa jibu. Dera jipya, pochi mpya, wigi jipya, vyote vinatangaza: sijaugua, mambo yangu safi. Ni jibu la gharama kubwa kwa swali la jirani mmoja. Sentensi kama "Nilifanyiwa upasuaji wa tumbo, nashukuru naendelea vizuri" haina bei, ingawa najua si kila mtu yuko tayari kuitamka, hasa aliyeenda India au Uturuki kimyakimya na kuwaaga ndugu kwamba anakwenda semina.

Basi mtu atatenganishaje hitaji na uchu? Usitazame kilichonunuliwa, tazama saa. Omba taarifa ya miamala ya miezi mitatu kutoka kwenye kampuni ya simu yako, ichapishe kwenye duka la steshenari, kaa nayo na kalamu. Weka alama kwenye kila malipo ya muuzaji wa nguo, viatu, vipodozi, vyombo. Kisha soma saa. Nguo ya kazini iliyonunuliwa Jumamosi saa nne asubuhi, baada ya kuzunguka Kariakoo na kulinganisha bei, ni nguo ya kazini. Malipo sita yaliyopangana kati ya saa mbili na saa nne usiku, yote siku za katikati ya wiki, mawili kati yake siku ya kikao cha mwezi ofisini, hayo ni chips mayai kwa jina jingine. Karatasi hiyo haibishani na mtu.

Inasaidia pia kujua raha yenyewe inakaa wapi. Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz, akiwa Uswisi, alipima seli za dopamini kwenye ubongo wa nyani waliokuwa wakipewa juisi. Mwanzoni seli ziliruka juisi ilipoingia mdomoni. Nyani walipojifunza kwamba ishara fulani hutangulia juisi, seli zikahamia kwenye ishara; juisi yenyewe ilipokuja zilikaa kimya. Mnunuzi wa usiku atajitambua hapo. Raha iko kwenye kuchagua, kulipa, na kungoja ile simu ya bodaboda: "Dada, nipo getini." Kifurushi kikishafunguliwa, joto limepoa. Ndiyo maana kabati lina nguo zenye vibandiko vya bei, na ndiyo maana kumwambia mtu huyu "lakini una nguo tele" hakusaidii chochote. Hakuwa ananunua nguo.

Twende sasa kwenye zile kazi nne.

Kazi ya kutua baada ya siku ndefu ndiyo nyepesi kuibadilisha, mradi kibadala kikae kwenye saa ileile na mahali palepale. Ushauri wa "jaribu kutembea au kusoma kitabu" haufanyi kazi kwa sababu hauna saa. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba nia inayofungwa kwenye tukio maalumu hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. Kwa hiyo siyo "nitapunguza simu jioni." Ni "nikishuka kituo cha Bima, simu inaingia kwenye pochi, zipu inafungwa, natembea kwa njia ya nyuma ya msikiti hadi nyumbani." Akifika anaoga kwanza, kabla ya jiko na kabla ya daftari la mtoto, anafunga kanga, anakaa barazani na kikombe cha chai ya tangawizi isiyo na sukari. Watoto wanaambiwa: mama akifika ana robo saa yake. Wataizoea. Nyumba nyingi baba amekuwa na robo saa hiyo miaka yote na hakuna aliyeuliza.

Mikono nayo itafutiwe kazi, na akina bibi zetu walilijua hili bila mtaalamu. Kudarizi kofia, kusuka ukili, kufuma vile vitambaa vya makochi ambavyo vijana wanavicheka. Kofia moja huchukua wiki nyingi, sindano haishikiki pamoja na simu, na vidole vyenye uzi haviingizi namba ya siri. (Tahadhari: nyuzi nazo zinauzwa Instagram. Akianza kukusanya rangi kabla hajamaliza kitambaa kimoja, tumerudi kulekule. Vivyo hivyo anayeanza mazoezi kwa kununua raba jozi tatu.)

Kampani ni ngumu kidogo, kwa kuwa kwetu chakula na watu ni kitu kimoja. Sinia la pilau halina kiti cha mtu anayekula vijiko vitano. Wenyeji watasema "hata kidogo tu, usitukatae," na mtu atajikuta ama anatapika chooni kwa kumridhisha wifi yake, ama anaacha kwenda kabisa. Njia ya pili ndiyo mbaya zaidi, maana upweke ndio unaokula pesa. Afadhali aende na apewe kazi: apakue, agawe vinywaji, abebe mtoto wa watu. Na atafute mkusanyiko ambao chakula si shina lake. Mazoezi ya kwaya, darsa la jioni, jumuiya ya mtaa, kikoba. Kikoba kina faida ya ziada: pesa iliyoingia humo haitoki saa tatu usiku kwa tarakimu nne.

Kwa kazi ya kujipongeza sitatumia maneno mengi. Mtu anastahili kupongezwa, na mshahara ukiingia roho inataka kitu. Iwe kitu kinachoisha siku hiyohiyo bila kuacha deni wala mfuko: kusuka nywele, kukandwa mgongo, boti ya kwenda Kigamboni Jumapili na watoto.

Inabaki ile ya kuziba mdomo, na hii haina kibadala. Shemeji anapiga simu ya tatu kuomba mchango wa harusi ya mtoto wa jamaa ambaye huyu dada hajawahi kumwona. Zamani angesema "sawa shemeji, nitaangalia," angekata simu, angefungua friji. Sasa anasema "sawa shemeji, nitaangalia," anakata simu, anafungua Instagram. Mpe kofia adarizi, mpe kwaya, mtembeze hadi Ubungo. Simu ya nne ikipigwa atarudi palepale. Kinachotakiwa ni sentensi: "Shemeji, safari hii sitaweza, samahani." Ataona kama amevunja nyumba. Mara nyingi upande wa pili hujibu "haya bwana" na kumpigia mwingine. Nimesema haina kibadala kwa sababu vitabu vingi vya mada hii vinaliruka hili na kukimbilia orodha ya mambo ya kufanya, na msomaji anabaki akijilaumu kwamba orodha haikumsaidia.

Wakati sentensi inafanyiwa mazoezi, pesa ipunguziwe kasi. Aondoe namba za wauzaji, anyamazishe stetasi zao, ajitoe kwenye huduma ya kukopa salio. Akiona kitu, akiandike kwenye daftari pamoja na bei na kile kilichotokea saa moja kabla, akirudie baada ya siku tatu. Marehemu Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, aliyefanya kazi na walevi, aliwafundisha kuutazama uchu badala ya kupigana nao: unapanda, unafika juu, unashuka wenyewe, mradi usiulishe. Kuhusu nguo za lazima, mitumba ya Karume au Gikomba inatosha kwa mwili wa mwezi wa nne, kwani mwezi wa saba mwili huo hautakuwepo. Fundi mtaani atapunguza sketi moja mara mbili. Dera halijui saizi. Nguo ya maana, ile ya kushonwa kwa kitenge kizuri, isubiri uzito utulie, ambapo kwa wengi ni kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu.

Tukirudi kwenye sahani, asidhani upasuaji unamlinda na kila kitu. Mfuko mdogo hukataa ugali na nyama ngumu, lakini kashata, aiskrimu, juisi ya miwa, krisps na biskuti zilizochovywa kwenye chai huteleza bila kizuizi. Mtu anaweza kudonoa kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne usiku asishibe hata mara moja. Kwa aliyefanyiwa baipasi sukari ya ghafla huleta jasho, moyo kwenda mbio na kizunguzungu, na baadhi hujifunza kwa adhabu hiyo. Wa upasuaji wa kukata mfuko mara nyingi hapati hata hilo. Kanuni za mezani ni za kuchosha lakini zinafanya kazi: protini kwanza, yaani samaki, mayai, maharage, maziwa mgando, kutafuna sana, maji yasinywewe pamoja na chakula bali kama nusu saa baadaye, mlo uliokaliwa, siyo wa kusimama jikoni.

Muda nao usimdanganye. Ile hesabu ya siku 21 za kujenga tabia ilitokana na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura huko New York, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji walau siku kama hizo kuzoea sura mpya. Kuzoea sura si kujenga tabia. Phillippa Lally na wenzake wa London walipofuatilia watu 96 waliojaribu kuanzisha tabia moja ndogo kila siku, wastani ulikuwa siku 66, na kati ya mtu na mtu ilitofautiana kuanzia 18 hadi 254. Waligundua pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Robo saa ya barazani inaweza kuchukua miezi minane kukomaa, na ni bora ianze mapema, wakati homoni bado ziko upande wake. Utafiti mkubwa wa Uswidi ulioanza mwaka 1987 chini ya Lars Sjöström ulionyesha waliofanyiwa upasuaji wakiwa wamepungua wastani wa asilimia 23 ya uzito wao baada ya miaka miwili, na asilimia 17 baada ya miaka kumi. Sehemu fulani hurudi. Hurudi pia kwa watu waliofuata kila kanuni, kwa hiyo isiwe sababu ya kukimbilia dukani kujipoza.

Wapo ambao yote haya hayatawatosha, na dalili zao zinajulikana: deni analomficha mwenzi wake, vifurushi vinavyopelekwa ofisini ili visionekane nyumbani, kutapika kwa makusudi, pombe ya peke yake, huzuni isiyoinuka asubuhi. Huko Ontario, Kanada, uchunguzi wa zaidi ya watu 8,800 uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba matukio ya kujidhuru yaliyofika hospitalini yaliongezeka kwa nusu baada ya upasuaji kuliko kabla yake. Walioathirika walikuwa wachache, lakini si wa kupuuzwa. Anayepata mawazo ya kujidhuru aende hospitali siku hiyohiyo, asiende peke yake. Aliyepasuliwa nje ya nchi na kurudi na faili na namba ya WhatsApp tu atafute daktari wa hapa wa kumfuatilia, aende na faili hilo. Hospitali kubwa za rufaa zina idara ya afya ya akili, na Muhimbili ni mojawapo. Akifika huko asianze na historia ya uzito wake, ambayo ameshaisimulia mara nyingi. Atoe ile taarifa ya miamala yenye alama za kalamu, aiweke mezani, ataje deni kwa tarakimu, na aseme ni saa ngapi ya siku inayomshinda.